Chai, Ngozi na Chuma

Mimi ni mkimbiaji wa Kaptagat. Nilizaliwa upande wa Flax, nikasomea huku huku, na ninakimbia kwenye barabara zile zile za vumbi ambazo wageni huja kuzipiga picha kwa sababu Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon wamefanyia mazoezi humo. Mimi si bingwa wa dunia. Nakimbia mbio za nyika na nusu marathoni, nikipata chochote nalipia wadogo zangu karo. Kwa hiyo ushuhuda huu hauna medali ndani yake. Una chai, na kitu kilichomo ndani ya chai, ndani ya magome ya miti na hata ndani ya uji wetu wa wimbi. Kitu hicho kinaitwa tanini. Kiliniibia nguvu kwa muda mrefu bila mtu yeyote wa nyumbani kukishuku, na nilipoijua tabia yake nilipona bila kuacha hata kimoja ninachokipenda.

Kaptagat iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ukungu hushuka kutoka msituni, vidole hufa ganzi, na ukirudi kutoka kukimbia mwili hauombi kingine ila cha moto. Kambini kwetu sufuria ya chai haikupata nafasi ya kupoa. Maji, maziwa, majani na sukari hutiwa pamoja, vikatokota mpaka rangi ikolee. Chai isiyokolea mpishi wetu huiita maji ya kusuuzia vikombe. Tulikunywa chai na mkate baada ya mbio za asubuhi, chai na mandazi saa nne, chai juu ya ugali na sukuma wiki mchana, chai tena saa kumi, na usiku ugali ukiisha chupa ilizungushwa kabla ya watu kwenda kulala.

Hayo hayakuwa ya kambi yetu peke yake. Mwaka 2004 Vincent Onywera na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya kupima chakula cha wakimbiaji wakubwa wa Kenya kwa muda wa wiki moja ya mazoezi makali. Waligundua kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye vyakula vya wanga, na kwamba chai ya maziwa waliyokunywa ilifika kama lita moja na robo kwa siku, ikiyapita maji kidogo. Nilipokuja kuusoma utafiti huo niliona ni sisi kabisa, ugali wetu na chupa yetu.

Maradhi yangu yalianzia miguuni. Mlima niliokuwa nikiupanda huku nikipiga gumzo ukaanza kunikata pumzi katikati. Kwenye mbio ndefu za Alhamisi kundi lilikuwa likiniacha, nikifika nakuta watu wameshavua viatu. Usiku moyo ulinidunda nikiwa nimelala tu. Nywele zilibaki kwenye kitana, na baridi ya Kaptagat, ambayo nimezaliwa nayo, ikanishinda. Kisha ikanijia hamu ya odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa kwa mafungu sokoni Eldoret. Nilitembea nayo mfukoni mwa trakisuti. Mvua ikigusa vumbi, ile harufu tu ilinijaza mate mdomoni.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani mmoja alianza kuhesabu miezi, akingoja nijifungue. Shangazi alisema kuna jicho la mtu. Kocha alidhani nimejichosha kupita kiasi, akanipumzisha. Nikapumzika na bado nikachoka. Mama alifanya kile ambacho mama yeyote wa huku angefanya: aliniongezea chai, yenye maziwa mengi na majani mengi, ili nipate nguvu.

Mwishowe nilishuka mjini Eldoret kupimwa damu. Karatasi ya maabara ilionyesha hemoglobini 10.8 na ferritini 7. Daktari, mama mpole mwenye miwani, alinieleza polepole. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya damu, na chuma ndicho kiini chake. Ferritini inaonyesha akiba ya chuma mwilini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu hemoglobini iliyo chini ya 12 kuwa ni upungufu wa damu, na ferritini ya chini ya 15 kuwa ni akiba iliyokwisha. Tena, 12 ni kipimo cha watu wa usawa wa bahari. Sisi tunaoishi juu, ambako oksijeni ni haba hewani, mwili unapaswa kutengeneza damu zaidi ya hapo, na damu haitengenezwi bila chuma.

"Wewe unakitumia chuma kuliko mwalimu anayekaa ofisini," aliniambia. Mkimbiaji hupoteza kidogo kwenye jasho. Chembe nyekundu za damu huvunjika kidogo kila nyayo zinapopiga ardhi. Mwanamke huongeza hedhi ya kila mwezi. Na chakula chetu karibu chote ni cha shambani: ugali, sukuma, maharagwe, viazi. Chuma kimo, lakini ni aina ambayo mwili huipata kwa taabu, tofauti na ile iliyomo kwenye nyama na maini.

Nikapewa vidonge vya chuma. Nilivimeza kwa utiifu wote, sikuruka siku. Tumbo liliniuma, choo kikawa cheusi, lakini mlima ulibaki kunikata pumzi pale pale. Niliporudi kupimwa, akiba ilikuwa imesogea kidogo sana. Daktari aliitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Unavimeza saa ngapi?"

"Asubuhi, daktari, nikishatoka kukimbia."

"Na nini?"

"Na chai."

Aliweka kalamu chini. Akaniambia kwamba chai imejaa tanini, na tanini ikikutana na chuma tumboni inakishika, vinaungana, na kile kilichoungana mwili hauwezi kukifyonza. Kinapita tu na kutoka. Kile kidonge nilichokuwa nikikimeza kwa heshima nilikuwa nakifungia mlango kwa kikombe cha mkono wa pili.

Nilitoka pale na neno tanini mdomoni, na neno hilo ndilo lililonipeleka kwa babu yangu, baba yake mama. Sisi humwita Kugo. Ana miaka zaidi ya themanini, anasikia akitaka, na jua likitoka hukaa ukutani na fimbo katikati ya magoti. Nilimwamkia, nikakaa chini karibu naye, nikamwambia: "Kugo, daktari amesema chai ina tanini ndiyo maana sina damu."

Alinyanyua uso. "Tanini? Hiyo si ya majani ya chai. Hiyo ni dawa ya ngozi. Mimi nimeivuna ujana wangu wote."

Kugo alikuwa mchunaji wa magome katika mashamba ya EATEC, kampuni iliyokuwa na kiwanda Eldoret cha kukamua tanini kutoka kwa miwati. Kampuni hiyo ilianzishwa miaka ya 1930, wakati wazungu waliokuwa wakikamua tanini ya miti ya kwebracho kule Argentina walipokuwa wakitafuta mti mwingine unaokua haraka. Mwati ulifaa. Kwao ni kusini-mashariki mwa Australia, lakini jina lake la kisayansi, Acacia mearnsii, limetokana na sampuli iliyochumwa Kenya, karibu na Thika, mwaka 1909 na Edgar Mearns, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuja katika msafara wa Theodore Roosevelt. Ukipandwa kwenye nyanda za juu zenye mvua, ndani ya miaka saba hadi kumi uko tayari kuchunwa. Magome yake yakikauka, kama theluthi moja ya uzito wake ni tanini. Watanzania nao wana historia hiyo: kule Njombe, kampuni ya TANWAT ilianza kupanda miwati mwaka 1949. Na kabla ya miwati kufika, watu wa pwani walikuwa wakiuza ng'ambo magome ya mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji kwa kazi hiyo hiyo.

Kugo hakuwa na haja na tarehe hizo. Alikuwa na mikono yake. Alinieleza jinsi kazi ilivyokuwa ngumu wakati wa kiangazi, kwa sababu gome hung'ang'ania mti, na jinsi mvua ikinyesha gome hulegea, ukalikata kwa shoka chini karibu na shina, ukalishika ncha na kulivuta juu, likatoka ukanda mmoja mrefu na sauti ya kupasuka. Kanda zilifungwa matita, zikapakiwa kwenye trela na kupelekwa kiwandani zingali mbichi, maana zikikaa zinaharibika. Huko zilikatwakatwa, zikaloweshwa kwa maji ya moto, na yale maji ya kahawia yakachemshwa mpaka yakawa mazito na kuganda. Yaliyoganda yalitiwa magunia na kupelekwa kwa watengenezaji wa ngozi nchi za nje. Miti iliyobaki uchi ikawa makaa, kuni na nguzo.

"Na ile rangi, Kugo?"

Akacheka. Nilikuwa nakumbuka nikiwa mdogo akitusimulia kwamba wachunaji walijulikana sokoni kwa mikono. Utomvu wa gome ukikauka mkononi unaacha rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Lakini ile ya panga ilikuwa nyingine. "Panga," alisema, "ukimenya nalo gome bichi, ukaliacha hivyo bila kulipangusa, asubuhi unalikuta jeusi. Jeusi kama wino. Ile dawa inakamata chuma. Msimamizi alikuwa anatukemea: pangusa panga, itakula panga!"

Hapo nikaelewa jambo ambalo daktari alikuwa amenieleza kwa maneno. Tanini inapenda chuma. Ikikutana nacho vinashikana na kutoa weusi. Kwa karne nyingi wazungu walitengeneza wino wao wa kuandikia kwa kuchanganya tanini ya vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma. Hati nyingi za kale zimeandikwa kwa weusi huo huo uliokuwa kwenye panga la Kugo.

Kwenye ngozi, tanini hufanya kazi ya namna nyingine kwa tabia ile ile ya kushika. Ngozi mbichi ya ng'ombe ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ukiiacha inaoza, ukiianika inakuwa ngumu na kupasuka. Tanini huingia katikati ya nyuzi na kuzifunga moja kwa nyingine kama fito za ukuta wa udongo zinavyofungwa kwa kamba, na wadudu wa kuoza hawapati pa kuanzia. Tabia hiyo ndiyo sababu ya ule ukakasi wa ndizi mbichi na wa pera lisiloiva: tanini inazishika protini za mate, ulimi unabaki mkavu na kukunjamana. Mmea hauifanyi kwa ajili yetu wala kwa ajili ya viatu. Unaifanya ili mnyama na mdudu waonje, wakunje uso na kwenda kwingine.

Nilitaka kuiona kwa macho yangu. Jioni ile nyumbani kwa mama nilichemsha strungi, chai kavu bila maziwa, nikaichuja kwenye glasi ikawa nyekundu ya kupendeza, inayopitisha mwanga. Kwenye glasi ya pili nikatia maji ya moto matupu. Nilisaga vidonge viwili vya chuma kwa kijiko, nikagawa unga sawasawa. Kwenye maji, unga ulizama na kuyapa rangi hafifu ya ganda la kidonge. Kwenye chai, kabla hata sijamaliza kukoroga, wekundu ulififia, ukawa kijivu, halafu ukawa mweusi. Nikainua glasi kuelekea taa. Sikuona kitu upande wa pili. Mama aliyekuwa akipepeta mchele alisimama, akachungulia, akasema neno moja tu la Kikalenjin la kushangaa ambalo sitaliandika hapa. Kugo alipoletewa glasi asubuhi, aliinusa, akasema: "Hilo ndilo panga langu."

Sitaki msomaji adhani glasi moja nyeusi inatosha kuwa ushahidi. Tanini ya chai na ya mwati si kitu kimoja. Ni jamaa moja ya kemikali, polifenoli, na kila mmea una aina zake. Tumbo nalo si glasi. Ndiyo maana nilimwomba daktari anionyeshe yaliyopimwa kwa watu. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini waliwapa wanawake vyakula mbalimbali, mara kwa chai mara bila chai. Chuma cha mkate kilichofyonzwa na mwili kilishuka kutoka karibu asilimia 10 hadi karibu 3; cha mlo wa wali na supu ya viazi na vitunguu kilishuka kutoka karibu 11 hadi 2.5. Mwaka 1999 kundi la Richard Hurrell, mtafiti wa lishe nchini Uswisi, lilipima tena kwa mkate na kukuta chai nyeusi ikipunguza ufyonzaji kwa asilimia 79 hadi 94, kulingana na ukolevu wake.

Nilimuuliza lile swali ambalo kila Mkenya angeuliza: "Lakini sisi tunatia maziwa, si yanapunguza makali?" Kundi hilo hilo lilikuwa limelijaribu. Maziwa yalipunguza kidogo sana, au hayakupunguza kabisa. Tena kalsiamu iliyomo kwenye maziwa nayo hupunguza ufyonzaji wa chuma kwa kiasi chake. Kwa hiyo chai ya maziwa iliyokolea, kinywaji tulichompa mgonjwa ili apate nguvu, ilikuwa na vizuizi viwili ndani ya kikombe kimoja.

Habari njema ni ya mwaka 2017. Watafiti nchini Uingereza waliwapa wanawake uji wenye chuma, mara na chai pamoja, mara na chai baada ya saa moja. Saa hiyo moja ya kungoja ilipunguza madhara ya chai. Chuma kinahitaji kupewa nafasi kipite kwanza, chai ifuate.

Hilo ndilo badiliko langu lote. Sikuacha chai. Niliihamisha. Asubuhi nikitoka kukimbia ninakula kwanza, na kidonge nakimeza na maji na kipande cha chungwa, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume cha tanini: hukisaidia chuma kufyonzwa. Chai ya kwanza naipata saa nne, tumbo likiwa limeshamaliza kazi. Mchana kwenye sukuma wiki au managu naongeza nyanya mbichi, au embe na papai zinazoletwa kutoka Bonde la Kerio, pale chini ya ukingo wetu. Chai ya pili saa kumi. Usiku, baada ya ugali, chupa inapozungushwa, naipitisha kwa mwenzangu. Nikipata maini au omena, nala bila kujali bei.

Nilipolijua la chai nikaanza kuangalia na vyakula vingine. Wimbi, ambayo sisi tunaisifu kwa rangi yake tukiamini rangi ni damu, ina tanini pia, na mtama mwekundu zaidi. Ndege wenyewe huupita mtama wa namna hiyo wakatafuta mweupe. Lakini wazee hawakuwa wajinga. Uji wa bibi yangu ulikuwa ukilazwa mpaka uchache, na kuchachusha nafaka au kuiotesha kabla ya kusaga hupunguza tanini pamoja na vizuizi vingine vya chuma. Sisi tumeacha uji wa kuchacha kwa sababu dukani kuna unga wa haraka. Nimeurudisha nyumbani kwangu.

Kazi ngumu haikuwa tumbo, ilikuwa watu. Huku kwetu mgeni kukaribishwa bila chai ni aibu ya mwenye nyumba, na mgeni kuikataa ni aibu kubwa zaidi. Mara ya kwanza nilipoikataa chai ya baada ya chakula kwa shangazi, alinyamaza hadi nikaondoka, na habari ikafika kwa mama kabla yangu: msichana amekuwa wa mjini. Nikajifunza namna. Nikifika nyumba ya mtu nakunywa chai yake mara moja, yenyewe, na kula nakula baadaye. Chai isiyokutana na chakula haina chuma cha kukamata. Wakisisitiza vyote viwili pamoja nasema ni amri ya daktari, na daktari huku ana heshima yake. Kwa mama sikuhitaji maneno. Ile glasi nyeusi ilikuwa imemaliza ubishi, na sasa ni yeye anayenipigia simu kuuliza kama nimetenga saa.

Kambini kocha alinisikiliza kwa mashaka mpaka alipoona karatasi. Hamu ya odowa ilikuwa ya kwanza kuniacha. Siku moja niliikuta mfukoni imesagika, nikagundua sijaitamani kwa muda. Kisha usingizi ukarudi. Kisha mlima. Nilipopimwa baadaye hemoglobini ilikuwa imevuka 13 na ferritini imepita 30. Namshukuru Mungu kwa hilo, na namshukuru yule mama wa miwani aliyeuliza swali dogo la "na nini?" Sasa kambini chai huja saa nne na saa kumi, na pembeni ya ugali kuna bakuli la machungwa yaliyokatwa. Wasichana wapya wakifika, mpishi ndiye anayewaeleza, kwa ukali kuliko mimi.

Nina maonyo mawili. La kwanza, chai si sumu. Mtu mwenye akiba nzuri ya chuma, anayekula nyama mara kwa mara, anaweza kunywa anavyopenda, na hizo polifenoli zina faida zake mwilini. Chai imesomesha watoto wengi wa Nandi na Kericho, nami sina ugomvi na mkulima wake. La pili, usikimbilie vidonge vya chuma bila kupimwa. Uchovu una sababu nyingi, na chuma kikizidi mwilini kinaharibu ini na viungo vingine. Omba kipimo cha ferritini pamoja na hemoglobini, kwa sababu akiba huisha kabla damu yenyewe haijaonyesha.

Kiwanda cha Kugo kimebaki simulizi. Chumvi za kromiamu, zinazotengeneza ngozi kwa siku chache badala ya wiki nyingi, zilichukua soko, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashamba ya EATEC yaligawanywa na kuuzwa. Miwati bado inaota yenyewe kando ya barabara ninazokimbilia. Watu huikata kuni.

Lakini wanaonihangaisha zaidi sasa si wakimbiaji. Ni wajawazito. Nchini Kenya kila mama anayehudhuria kliniki ya wajawazito anapaswa kupewa vidonge vya chuma na foliki asidi, kwa sababu damu yake inatumika kwa wawili. Nikikaa nao kwenye benchi la zahanati nawauliza wanavimeza na nini, na jibu ni lile lile nililolitoa mimi. Basi nawaambia: dada, meza na maji, au na maji ya chungwa, chai ingoje saa moja. Vidonge katika zahanati za umma ni bure, maji ni bure, na saa moja ya kungoja chai kila mtu anayo.